Mstari wa Uwanja wa Chini

Septemba 14

Naanza kuandika leo ili ushahidi uwepo. Mambo yakija kuharibika katika nyumba hizi, watu watasema mzee Yun-fa amesahau. Mimi sisahau. Shule niliiacha darasa la nne na herufi zangu zinakwenda upande kama bata, lakini nikiandika jambo, limeandikwa.

Jambo lenyewe ni Su-yen, mke wa mtoto wa kaka yangu. Amerudi kutoka mjini alikokuwa akifanya kazi za kompyuta, na hata hajafungua mabegi yote ameanza kuulizia tovuti yetu.

"Baba mdogo, hii aliiandika nani?"

Nani tena! Mimi. Maisha yangu yote nilikuwa fundi wa kukereza chuma kiwandani. Siku zilipoletwa mashine za kukereza zinazoamrishwa kwa namba, wahandisi bado wanapekua kitabu cha maelezo mimi nimeshaiamrisha imetoa skrubu. Kutoka hapo mpaka tovuti ni hatua moja kwa mwenye kichwa. Bonde zima hili hakuna mzee mwingine aliyeandika programu kwa mkono wake. Wapo wanaojua kuwasha tu.

Nyumba zetu ni tatu, za ndugu watatu: ya kaka Yun-kuei, yangu, na ya mdogo wetu marehemu ambayo sasa ni ya mjane wake, Chin-mei. Sote tunamenya persimoni, matunda yale ya rangi ya chungwa, tunayakausha kwa upepo, na kila nyumba ina ukurasa wake wa kuuzia. Niliandika wangu kwanza, ukakubali. Nikaunakili mzima mzima kwa kaka. Nikaunakili tena kwa Chin-mei. Kitu kizuri hakibuniwi mara mbili.

Su-yen anasema hapo ndipo penye tatizo. Nimeandika maneno yake na tarehe yake.

Septemba 15

Joto. Upepo wa kaskazini bado kuja. Su-yen amekaa barazani kwa kaka, kompyuta mapajani, kila nikipita anatabasamu. Mtu asiye na hila hatabasamu mara nyingi hivyo.

Septemba 18

Tumeitwa ukumbini, nyumba zote tatu. Baba alipotugawia mali, meko yaligawanywa, miti ikagawanywa, nyanja za kuanikia zikapigiwa kura. Mimi nikapata uwanja wa juu wenye upepo wote, kaka akapata wa katikati, mdogo wetu akapata wa chini nyuma ya mianzi. Ukumbi wa mababu haukugawanywa. Desturi yake hata mtoto anayenyonya anaijua: cha wote ndicho kinachokaa humu, jembe la mtu haliingii, na kilichomo hakisogezwi mpaka nyumba tatu zisimame na udi uwashwe.

Su-yen akasimama mbele ya meza ya udi kama mwalimu.

"Kurasa zenu tatu zina vipande vilevile vya msimbo, yale maandishi yanayoiamuru kompyuta. Kipande cha kuhesabu tunda litakauka lini, kipo mara tatu. Cha kupokea anwani, mara tatu. Mwaka jana posta walipoacha kuchukua vifurushi Jumapili, Baba mdogo alirekebisha ukurasa wake na wa huku kwetu. Wa Mama mdogo ukasahaulika, masanduku yake yakalala getini juani."

"Sikusahau," nikasema. "Nilikuwa njiani."

"Njia yenyewe imeota majani," akasema mke wangu, Man-mei. Mke wangu huyo! Aliyekaa upande wangu!

Watu wakacheka. Su-yen akaendelea: "Kinachotumiwa na wote tukiweke mahali pamoja, kila ukurasa uje kukichukua hapo. Ukikirekebisha mara moja, kimerekebika kwa wote."

"Na ukikiharibu mara moja?" nikamuuliza.

Aliiangalia meza ya udi kwanza. Nililiona hilo.

"Kimeharibika kwa wote," akasema. "Ndiyo maana nataka mahali hapo tupaite Ukumbi, na sheria iwe hiihii ya hapa. Asiguse mtu peke yake. Akitaka kugusa aite nyumba tatu, aseme anabadilisha nini na kwa nini."

Kaka akapiga goti lake kwa kiganja, safi sana, safi sana. Kaka hupiga goti hata mkwewe akipiga chafya.

Chin-mei aliuliza neno moja tu. "Na kilicho changu kitabaki kwangu?"

"Kitabaki, Mama mdogo."

Akaendelea kushona glavu zake za kumenyea. Nikakubali, kwa sababu asiyekubali hawezi kuchungulia.

Septemba 20

Mtu mwenye futi ya mkanda ameonekana uwanja wa chini kwa Chin-mei. Amepigilia vigingi pembeni, kila kimoja na utepe mwekundu. Ni wa kampuni ya paneli za jua.

Chin-mei hakumficha Man-mei. Mwaka huu duka moja la Taipei linataka persimoni zake kwa masanduku ya harusi. Oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Ikienda vizuri, anaendelea na miti yake. Ikiharibika, anawakodisha watu wa paneli uwanja na kwenda kukaa kwa binti yake mjini Taoyuan.

"Nimechoka kupandisha nyungo na kushusha nyungo peke yangu," amesema. "Mwaka huu ndio utakaosema."

Mkwe anakuja na kompyuta, mtu wa paneli anakuja na futi, mwezi mmoja. Mimi si mtoto.

Septemba 23

Mvua. Su-yen ameleta keki za wali zenye figili ndani. Nilimwacha Man-mei aonje kwanza.

Septemba 26

Upepo umeingia! Umekuja alfajiri, mkavu, unapiga filimbi kwenye mabati. Tumeanza kumenya. Kwa kumenya hakuna anayenishika, ganda langu linatoka refu kama utepe bila kukatika.

Septemba 29

Leo nimekamata jambo.

Su-yen amekwisha kufungua folda aliyoiita Ukumbi na kuweka humo vipande vya anwani na vya posta, kila mara akituita, udi, maelezo, mambo yote. Kimebaki kipande cha tarehe. Alikuja nayo kompyuta mpaka nilipokuwa nikianika.

"Baba mdogo, kipande cha tarehe, chako na cha Baba ni sawasawa. Cha Mama mdogo kina mstari wa ziada. Uliuandika wewe?"

Nikavaa miwani. Mstari wenyewe unasema hivi: tunda la uwanja wa chini liongezewe siku tatu za kukauka, na upepo ukitoka baharini, liongezewe moja tena. Umeandikwa vibaya, nafasi zake zimetapakaa kama nyayo za kuku.

"Huu si mkono wangu," nikasema.

"Basi wa nani?"

Ananiuliza mimi! Kompyuta ya jikoni kwa Chin-mei hutengenezwa na mimi tu. Chin-mei mwenyewe huifungua kusoma oda na kuifunga. Na mwezi huu ni nani mwingine aliyeingia humo? Yeye Su-yen.

"Tumuulize Mama mdogo," akasema.

"Kuku anaulizwa nani kafungua banda?"

"Baba mdogo, mimi nauliza tu."

"Na mimi najibu tu."

Akaondoka. Nikakaa juu ya gunia nikafikiri, na kila kitu kikakaa mahali pake. Mteja akiona kwa Chin-mei tarehe ni ya mbali, anarukia ukurasa wa pili. Wa pili ni wa nani? Wa kaka. Chin-mei anakosa oda, paneli zinaingia, na walioleta maneno ya Ukumbi wanabaki na wateja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Septemba 30

Nimeingia Ukumbini mwenyewe. Nimeweka kipande changu cha tarehe, kile safi, kisicho na mstari wa kuku, na kurasa tatu zote sasa zinachukua hicho. Udi sikuwasha. Mtu hawashi udi kumfukuza mwizi.

Oktoba 3

Duka la Taipei limeweka oda kwa Chin-mei. Ukurasa ukawajibu papo hapo: tayari tarehe kumi na moja. Haraka, safi, bila kusitasita. Hiyo ndiyo kazi yangu. Na yeye hajui ni nani aliyemlinda.

Oktoba 4

Su-yen ametuma ujumbe, nyumba tatu zikutane kesho, habari ya tarehe. Siendi. Mtego hauendewi kwa miguu yako.

Oktoba 5

Walikaa bila mimi. Kwa kuwa nyumba moja haikuwepo hawakugusa kitu.

"Walikungoja mpaka chai ikapoa," amesema Man-mei.

"Walisemaje?"

"Una masikio, ungekwenda nayo."

Nikamwambia, "Su-yen anacheza na akili zenu." Akanijibu nyani haoni kundule, akaenda kugeuza matunda.

Oktoba 7

Upepo umegeuka, unatoka baharini, una unyevu. Huku juu haunisumbui.

Nimeshuka kuazima ungo na nikawakuta wawili, Su-yen na Chin-mei, wanabonyeza matunda kwa vidole gumba na kuangalia mianzi. Nilipokohoa wakanyamaza. Watu wanaosema mema hawakatizwi na kikohozi.

"Shemeji," Chin-mei akasema, "tarehe kumi na moja ameisema nani?"

"Kompyuta."

"Kompyuta imeambiwa na nani?"

"Si mlitaka Ukumbi? Ukumbi umesema."

"Nimewapigia watu wa duka kuwaomba wasogeze. Wanasema tarehe waliiona kwa macho yao, gari wameshaliagiza." Akafuta mikono. "Shemeji, ule mstari..."

"Usiwe na wasiwasi na ule mstari. Nimeshaufuta. Nimekulinda, huna haja hata ya kushukuru."

Nikachukua ungo nikapanda zangu. Alikuwa bado amefungua mdomo.

Oktoba 9

Unyevu. Su-yen ametuma tena ujumbe wa kukutana. Sijajibu.

Oktoba 11

Leo naandika yote, kama ushahidi unavyotaka.

Gari la duka limefika asubuhi, dereva kijana mnene mwenye kofia ya njano, amepanga masanduku mekundu ya harusi uwanjani kwa Chin-mei. Nami nilishuka, nimevaa shati la maana, kuona kazi yangu ikitimia. Kaka alikuwepo, Su-yen alikuwepo, Man-mei alinifuata nyuma.

Chin-mei hakupakia hata moja. Alichukua tunda moja kwenye ungo, zuri, rangi ya kahawia nyekundu, ngozi imekaza. Akalipasua mbele ya dereva. Ndani lilikuwa maji. Utomvu ukamshuka mpaka kiwiko.

"Hilo moja tu," nikasema.

Akapasua la pili. La tatu akanitupia mimi, likapasukia kifuani kwenye shati.

"Nikiyafungia haya sandukuni," akamwambia dereva, "yatafika yameota ukungu. Bibi harusi atafungua mbele ya wakwe. Siuzi."

"Mama, mimi nimeambiwa nichukue," dereva akasema. "Tarehe mmeandika wenyewe."

Hapo nikaona wakati umefika. Nikasimama katikati ya uwanja, nikamnyooshea Su-yen kidole, nikasema yote. Habari ya mstari wa kuku, ukurasa wa kaka, mtu wa futi, tabasamu, hata keki za figili. Nikasema huyu ameingiza mkono katika msimbo wangu ili mjane afukuzwe kwenye uwanja wa mumewe. Kaka alikuwa mwekundu kama yale masanduku. Su-yen machozi yalikuwa yanamlengalenga, amekumbatia kompyuta kama mtoto.

Chin-mei akanawa mikono kwenye ndoo. Taratibu. Kisha akasema, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Ule mstari ni wangu."

Nikamwambia asimfichie mtu.

"Ni wangu, Shemeji. Niliuandika mwenyewe, mwaka ule baada ya mume wangu kufa. Uwanja huu hauna upepo, kila mtu anajua, ila hesabu yako haikujua. Hesabu yako ilipimwa uwanja wa juu. Kila msimu ilikuwa ikiwaahidi wateja wangu mapema, na mimi ndiye ninayepigiwa simu."

"Wewe hujui msimbo. Nani kakufundisha?"

"Wewe."

"Mimi sijakufundisha."

"Ulikuwa ukija kutengeneza, unakaa jikoni kwangu, unakunywa chai yangu, na kila unachobonyeza unakisema kwa sauti. Hapa tunahesabu siku, hapa tunaongeza, hapa tunafunga. Unajisifu kila mstari. Mimi nikimenya nasikia. Msimu wa pili nikajaribu, ikakubali."

Man-mei akacheka, akaziba mdomo kwa aproni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia tunda langu linachelewa. Ukasema mimi nabonyeza vibaya." Akakunja taulo. "Na nikikuambia nimegusa msimbo wako ungefanya nini? Ungenifundisha mpaka jioni, halafu ungeufuta. Si ndivyo ulivyofanya?"

"Hukuwasha udi," nikasema.

"Wakati ule msimbo ulikuwa wa jikoni kwangu. Umekuwa wa Ukumbi mwezi huu. Ni nani aliyeingia Ukumbini peke yake?"

Hata kaka hakupiga goti.

Dereva alikuwa pembeni anazungumza kwenye simu. Akarudi akasema bosi wake anangoja mpaka tarehe kumi na tano kwa sababu harusi ni kumi na saba, ila gari likirudi tupu mara ya pili, oda imekufa na mwakani wasipigiane simu.

Akaondoka na masanduku yake matupu. Chin-mei akaangalia mianzi, bado inatoa jasho la bahari. "Hayatakauka hapa," akasema. "Mpigieni yule mtu wa vigingi."

Mimi nikapanda kwangu. Sikuaga. Nilifika uwanja wa juu, nikasimama, upepo ukaniingia kwenye shati lenye utomvu likaanza kukauka papo hapo. Nikaanza kushusha nyungo zangu kutoka kwenye vichanja.

"Unafanya nini, mzee?" Man-mei akauliza.

"Nasafisha uwanja."

"Matunda yako hayajakauka. Wateja wako je?"

"Wateja wangu wananijua. Wangoje."

Nikashuka na mkokoteni mtupu. Nilishika ungo wake wa kwanza, yeye akashika ukingo wa pili, tukavutana kidogo, kisha akaachia. Su-yen akaweka kompyuta chini akabeba wa pili. Kaka na mgongo wake akabeba. Mpaka jua linazama matunda ya chini yalikuwa juu na yangu yapo chini nyuma ya mianzi, yanalalamika.

Oktoba 12

Upepo huku juu ni mzuri. Bahari imejitahidi, imeshindwa. Chin-mei anakuja kubonyeza matunda yake uwanjani kwangu, hanisalimii.

Oktoba 13

Amenisalimia. Amesema nabonyeza kwa nguvu mno. Nimekuwa nikibonyeza tangu hajazaliwa.

Oktoba 15

Gari limekuja. Chin-mei akapasua moja mbele ya dereva: ndani laini, kavu, imekaa kama asali iliyoganda. Dereva akala, akaomba la pili, akasema anapima. Masanduku mekundu yakajaa, gari likashuka bonde.

Nikamwambia Chin-mei, unaona uwanja wangu?

"Naona uwanja wako," akasema. "Msimbo wako ndio sijauona."

Oktoba 18

Ukumbini, nyumba tatu. Mimi ndiye niliyeita. Niliwasha udi mwenyewe, na ule moshi uliniingia machoni.

Su-yen alikuwa amekaa mbali nami. Nikamsogezea kiti karibu na meza na kumwekea sahani ya keki za figili za Man-mei. "Nimeshazionja," nikamwambia. Akanitazama, akacheka, akala.

Tulibishana sana. Mimi nilitaka kila nyumba irudi na nakala yake ya tarehe, yaishe. Kaka alitaka mstari wa Chin-mei uwekwe Ukumbini kama ulivyo. Su-yen akasema yote mawili ni makosa, ukiuweka kama ulivyo, matunda ya juu nayo yataongezewa siku yasizozihitaji. "Kuhesabu ni kwa wote," akasema. "Upepo si wa wote. Hesabu ikae Ukumbini, upepo ukae nyumbani kwa mwenyewe. Kila ukurasa ukija kuomba tarehe uje na upepo wa uwanja wake, uuseme, ndipo Ukumbi uhesabu."

Hata mashine ya kukereza iko hivyo, nikasema. Ukataji ni uleule, aina ya chuma ndiyo unayoiambia. Nilikuwa najua hilo miaka yote. Su-yen akasema ndiyo, Baba mdogo, na hakutabasamu kwa hila, au labda macho yangu yamechoka kutafuta.

Chin-mei alisoma mambo ya uwanja wake, mimi nikabonyeza. Nilibonyeza kimya. Katikati akasema, "Shemeji, mbona husemi? Sasa nitajifunzaje?" Ikabidi niseme kila kitu kwa sauti.

Oktoba 24

Matunda yangu yaliyoshushwa yamekauka sasa, yamechelewa. Wateja wawili wamekasirika, wengine wamengoja. Nilisema wananijua.

Novemba 2

Nimepita uwanja wa chini. Vigingi vya mtu wa futi havipo pembeni tena. Viko chini ya vichanja vya Chin-mei, vimeegemeza nyungo, tepe zake nyekundu zinapepea.

Novemba 6

Chin-mei amekuja mlangoni kwangu mchana, mikono nyuma.

"Shemeji, nataka kugusa Ukumbi."

"Uwanja wako umefanya nini?"

"Si wangu. Ni wako. Upepo wa bahari ukija, hata huku juu tunda linachelewa siku moja. Ukurasa wako hausemi hivyo. Niliona wakati nyungo zangu ziko hapa."

Nikamwambia uwanja wa juu haujawahi kuchelewa tangu enzi za babu yangu. Nikamwambia mimi ndiye niliyeandika hesabu ile kabla yeye hajajua kuwasha kompyuta. Akangoja. Hakuwa na haraka. Nikaenda kwenye ungo wa karibu, ambao ukurasa ulisema ungekuwa tayari jana, nikabonyeza tunda la katikati kwa gumba.

Nikalibonyeza tena, taratibu, kama anavyobonyeza yeye. Katikati likabonyea.

Nimemtuma Man-mei akamwite kaka na Su-yen. Udi upo juu ya kabati.